Bi Harusi, Usiifiche Pampu Yako



Mwezi wa saba nilikwenda Lushoto kwenye harusi ya upande wa mume wangu. Aliyewahi kupanda ile barabara ya kona kutoka Mombo anaijua baridi ya Usambara mwezi huo: ukungu asubuhi, watu wamejitanda mashuka, na jikoni kuni haziishi mafigani. Mtu wa Unguja haendi harusini mikono mitupu, basi nilibeba udi mzuri. Usiku wa kumpamba bi harusi nikautia mwenyewe kwenye chetezo, na madirisha yote yamefungwa kwa baridi.

Bi harusi akaanza kukohoa. Tukacheka, tukasema ni haya. Kidogo akawa hawezi kumaliza neno, kifua kinapiga filimbi, mabega yanapanda na kushuka. Mama yake akatoka mbio, akarudi na pampu iliyofungwa ndani ya kanga na kufichwa chini ya godoro. Alhamdulillah, alipata nafuu. Lakini hospitali ilikuwa mbali, na usiku ule hatukuwa na gari.

Kwa nini ilifichwa? Wakubwa walimwambia: "Wakwe wasiione, watasema wameletewa mgonjwa." Na ile pampu yake ya pili, ya kinga, alikuwa ameshaiacha wiki tatu nyuma, kwa sababu hiyohiyo.

Tunapenda kusema wagonjwa wanaacha dawa kwa sababu wanasahau. Mie nasema wengi wetu wanawake hatusahau. Tunaona aibu, na aibu hiyo tunatiwa na watu wanaotupenda.

Tuelewane kuhusu hizo pampu. Ile ya bluu, yenye salbutamol, inafungua njia za hewa kwa haraka, lakini haitibu uvimbe uliomo ndani. Ya kinga hutuliza uvimbe huo polepole, kwa hiyo hutumiwa kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Ukiiacha hutaona tofauti kesho, na hapo ndipo tunapodanganyika. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena mtu mzima kutegemea ya bluu peke yake. Na lile neno kwamba "ukiizoea pampu huwezi kuiacha" si kweli. Dawa hii hailevyi. Anayeihitaji kila siku anaihitaji kwa sababu ugonjwa upo kila siku.

Bibi yake bi harusi naye anabanwa kifua. Havuti sigara, ila amevuta moshi wa kuni maisha yake yote. Moshi wa jikoni ni katika sababu kubwa za ugonjwa sugu wa mapafu kwa wanawake, na kila ugonjwa una dawa zake. Kwa hiyo msigawane pampu nyumbani. Kila mmoja aandikiwe yake na daktari.

Sasa, vipi tushikamane na dawa? Sisi tuna saa ambayo haihitaji betri. Kama daktari amekuandikia pampu ya kinga asubuhi na jioni, iweke karibu na birika la udhu. Vuta dawa kabla ya udhu wa alfajiri na wa isha, kisha ule usukutuaji wa udhu utakuondolea dawa iliyobaki mdomoni, ambayo huweza kuleta utando mweupe kwenye ulimi. Tema, usimeze. Na siku ambazo huswali, dada yangu, pampu haina ruhusa. Sukutua na uendelee.

Namna ya kuvuta nayo ina maana. Tikisa, toa pumzi, bonyeza huku unavuta polepole, kisha zuia pumzi ukihesabu mpaka kumi. Ukivuta vibaya, dawa inaishia kooni. Mwombe muuguzi akutazame unavyofanya.

Ramadhani, vuta wakati wa daku kabla ya adhana, na baada ya futari. Ukibanwa mchana, tumia pampu yako mara moja. Masheikh wamekhitalifiana: Ibn Baz na Ibn Uthaymin walisema haifunguzi, wengine wanasema inafunguza. Muulize sheikh unayemwamini kama utalipa siku ile. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, basi usijitie hatarini kwa kitu ambacho Mola amekisahilisha.

Kwa mama, somo na mawifi: msimfunze bi harusi kuficha dawa. Mfunzeni kumwambia mchumba wake kabla ya ndoa. Ikiwa pampu inamkimbiza, bora akimbie kabla ya mahari. Na udi, kabla ya kuufukiza, muulizeni kama kifua chake kinauweza. Harusi haiharibiki kwa kukosa moshi.

Yule bi harusi wa Lushoto siku ya pili alitoka na pampu ndani ya mkoba wake wa harusi. Mume wake akamuuliza, "Hii inatumikaje, ikiwa siku moja utashindwa mwenyewe?" Akamfundisha palepale, mbele ya wakwe. Hakuna aliyesema wameletewa mgonjwa.

Allah awape afya wagonjwa wetu, na awajaalie mabi harusi wetu waume wa kuuliza swali kama lile. Amin.