Mkusanyiko Si Diwani: Hoja Kuhusu Uteuzi wa Albamu Bora ya Queen

Tangu filamu ya Bohemian Rhapsody ilipotolewa mwaka 2018, swali moja limekuwa likirudi katika semina zetu, aghalabu likianza kwa mzaha na kuishia katika ugomvi: ipi iliyo bora miongoni mwa albamu za Queen? Kundi hilo la roki la Uingereza lilitoa albamu 15 za studio kati ya mwaka 1973 na 1995, kwa hivyo uwanja wa kuteua ni mpana. Anayeuliza jambo hilo linaihusu nini idara ya fasihi ya Kiswahili ana haki ya kuuliza. Tumekwisha kukubali, tena kwa miaka mingi, kuwa wimbo ni matini. Tunafundisha taarab na tunasimamia tasnifu kuhusu nyimbo za harusi na za kazi. Tusilolikubali bado ni kwamba msanii wa nyimbo anaweza kutunga kitu kikubwa kuliko wimbo mmoja, na kwamba kitu hicho kina umbo, mwanzo, kilele na hatima yake. Hapo ndipo penye mzozo.

Makala haya yanadai kuwa albamu bora ya Queen ni Queen II, iliyotolewa Machi 1974. Yanadai pia kuwa majibu mengine yanayotolewa mara kwa mara hayatofautiani na dai letu kiladha tu. Yamekosewa kwa njia zile zile ambazo sisi hukosea tunapozisoma diwani zetu wenyewe.

Wapo watakaotukatiza hapa kwa methali: kipendacho moyo ni dawa. Methali hiyo huleta amani barazani, na hatuna nia ya kumnyima mtu dawa yake. Lakini mhakiki anayeikimbilia amejiuzulu kazi. Kupenda hakuhitaji sababu. Kuteua kunahitaji sababu zinazoweza kutajwa mbele ya wengine na kupingwa. Mtahini hawezi kuandika pembezoni mwa tasnifu kwamba moyo wake umeipenda. Sioni kwa nini kanuni hiyo ilegezwe pindi gitaa la umeme linapoingia chumbani.

Jibu la wengi ni Greatest Hits ya mwaka 1981. Watetezi wake wana takwimu: ndiyo albamu iliyouzwa zaidi katika historia ya Uingereza, na mwaka 2022 ilitangazwa kuwa ya kwanza kufikisha mauzo milioni 7 nchini humo, usikilizaji wa kwenye intaneti ukihesabiwa. Chema chajiuza, wanatuambia. Lakini ni chema gani kilichojiuza? Toleo la Uingereza lilikuwa na nyimbo 17. Toleo la Marekani la mwaka huo huo lilikuwa na Under Pressure, wimbo ambao haumo katika lile la Uingereza. Nchi mbalimbali zilipewa orodha mbalimbali, kwa sababu nyimbo zilizovuma katika soko moja hazikuwa lazima zivume katika soko jingine. Hebu tuwaze diwani ambayo mashairi yake hubadilika kulingana na mji inakouzwa. Mtunzi wake ni nani? Ni muuzaji. Sina chuki na wauzaji, ila sijawahi kumhakiki mmoja wao kama mshairi.

Ushahidi mkubwa umo ndani ya orodha yenyewe. Queen II imechangia wimbo mmoja tu katika toleo hilo la Uingereza, nao ni Seven Seas of Rhye. Katika albamu yake wimbo huo ndio hitimisho. Katika mkusanyiko umewekwa wa 15, baada ya wimbo wa filamu ya Flash Gordon na kabla ya We Will Rock You. Ni kama kuukata ubeti wa mwisho wa utenzi na kuupachika katikati ya mashairi ya sherehe, kisha kumuuliza mwanafunzi kwa nini mtunzi alihitimisha hivyo. Wala tusiwacheke sana wanamuziki. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ni kazi ya mtu aliyefungwa miaka mitatu, na kila shairi lake linasikika zaidi kwa sababu ya yale yanayolizunguka. Ni mara ngapi tumeinyofolea mashairi mawili ya mtihani, tukayapigia mizani na vina, na kuondoka tukidhani tumeisoma?

Jibu la pili lina heshima zaidi: A Night at the Opera ya Novemba 1975. Hatukanushi ukubwa wa albamu hii. Death on Two Legs ni kashifa kali dhidi ya aliyekuwa msimamizi wa kundi, na wajuzi wa malumbano ya washairi wetu wataifurahia. '39 ni kisa cha wasafiri wa anga wanaorudi nyumbani na kukuta vizazi vimepita, kikisimuliwa katika lahani ya wimbo wa kienyeji. Kisha upo wimbo uliolipa filamu jina lake, wenye urefu wa dakika 5 na sekunde 55, ambao ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma tisa na ukairudia nafasi hiyo mwishoni mwa mwaka 1991, baada ya kifo cha Freddie Mercury. Lakini msikilize mtetezi wa albamu hii anapojitetea. Baada ya sentensi mbili anauzungumzia wimbo huo tu, na albamu imesahaulika. Anapobanwa kuhusu nyimbo nyingine, husifu uanuwai wake: upo wa ukumbi wa starehe wa kale, upo wa gari, upo wa rafiki mpenzi, na mwishoni kabisa wimbo wa taifa la Uingereza. Ni kweli. Uanuwai ni sifa ya duka pia. Mtetezi hana budi kutuonyesha kani inayozifunga nyimbo hizo pamoja, na sijasikia bado akifanya hivyo.

Jibu la tatu linatuhusu kwa karibu, na ndilo linaloniudhi zaidi. Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mwana wa wazazi Waparsi wenye asili ya Gujarat. Alisoma India katika shule ya bweni, akarudi Unguja, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lilifunguliwa Mji Mkongwe kwa jina lake. Haya yote ni kweli, na mji una haki ya kumkumbuka mzaliwa wake. Tatizo huanza mhakiki anapozipekua albamu kama afisa wa forodha, akitafuta karafuu ndani ya mizigo. Mmoja ataiteua Jazz ya mwaka 1978 kwa sababu inafunguliwa na Mustapha, wimbo wenye maneno ya Kiarabu pamoja na mengine yanayoiga sauti yake tu. Mwingine ataapa kuwa Rhye, nchi ya kubuni ya Mercury, ni Zanzibar iliyopotezwa, na kwamba bahari saba za wimbo ule ni bahari yetu. Msomaji wa Alfu Lela Ulela atajihisi nyumbani anaposikia habari za bahari saba, lakini hisia hiyo ni ya msomaji, na haiwezi kugeuzwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha wimbo. Uhakiki wa aina hii huitwa wa kizalendo, ilhali haumheshimu hata mzawa mwenyewe: unamwambia mtunzi kuwa alichobuni hakina thamani mpaka kithibitishwe kuwa hakukibuni.

Sasa tuigeukie Queen II yenyewe.

Santuri yake haina upande A na upande B. Ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe ni wa mpiga gitaa, Brian May, aliyetunga nyimbo nne kati ya tano zilizomo. Ule wa tano ni wa mpiga ngoma, Roger Taylor. Mweusi ni wa Mercury peke yake, nyimbo sita. Katika Mweupe kuna wimbo kuhusu Malkia Mweupe, na katika Mweusi kuna gwaride la Malkia Mweusi. Wa kwanza anatazamwa kwa mbali na nafsineni anayemngoja. Huzuni yake tunaiona, neno lake hatulipati. May amesema kuwa kitabu cha Robert Graves, The White Goddess, kilichangia kuzaliwa kwa wimbo huo. Wa pili hangoji kutazamwa. Anaingia na vitisho, anaamuru, anajigamba, na muziki unabadilika chini yake kila anapobadilika, kutoka kishindo hadi mnong'ono na kurudi tena. Anayestaajabia mabadiliko ya ghafla katika Bohemian Rhapsody atayakuta hapa, mwaka mmoja na miezi kadhaa mapema, yakiwa na kazi ya kufanya: yanachora tabia ya mhusika ambaye tumekwisha kumwona kinyume chake upande wa pili. Huu ndio usambamba tunaoutafuta kwa tochi katika riwaya.

(Wanaotaka kusoma rangi hizi mbili kama mizani ya mema na maovu, au ya watu weupe na weusi, waangalie kwanza ni upande upi uliopewa utajiri mkubwa wa sauti. Si Mweupe.)

Upande Mweusi unastahili kusikilizwa kwa makini zaidi kuliko kawaida. Unaanza na vita vya mazimwi, na mwanzo wa wimbo huo ni mwisho wake ulioendeshwa kinyumenyume kwenye utepe. Msikilizaji anaingia hadithini kwa mlango wa kutokea, naye hajui. Bila kupumzika tunatupwa kwenye wimbo uliotokana na mchoro wa Richard Dadd, mchoraji aliyemuua baba yake mwaka 1843 na kuishi maisha yake yote yaliyobaki kizuizini. Mchoro huo, ulioko katika jumba la Tate mjini London, aliushughulikia kuanzia mwaka 1855 hadi 1864 akiwa katika hospitali ya Bethlem. Umejaa viumbe vidogo vya kichawi vilivyobanana, na wimbo unavitaja mmoja baada ya mwingine kwa kasi ile ile ya jicho linalopotea katika picha. Kisha ghafla, kinanda na sauti ya huzuni kwa muda usiozidi dakika moja na nusu, na mara Malkia anawasili. Nyimbo hizi zimeunganishwa hata mwanya wa kuziba kwa makofi haupatikani. Msanii aliyezifunga hivyo alitaka zisifunguliwe.

Upinzani mkubwa dhidi ya albamu hii ni wimbo wa Taylor unaofunga Upande Mweupe, The Loser in the End. Wanaoipenda albamu huuonea haya, na wasioipenda huutumia kama kielelezo cha kuvunjika kwa umoja. Sauti yake ni ya kukwaruza na ngoma zake ni nzito, sikatai. Lakini tutazame mpangilio. Baada ya Procession, utangulizi usio na maneno ambamo May amerekodi gitaa juu ya gitaa mpaka likawa bendi nzima, wimbo wa kwanza wa upande huo ni Father to Son, baba akimkabidhi mwana neno la ukoo. Wimbo wa mwisho wa upande huo huo unamzungumzia mama ambaye mwana amekua na kumwacha. Urithi uliokabidhiwa kwa fahari mwanzoni umelipiwa na mtu ambaye hakutajwa. Ukiuondoa wimbo wa Taylor kwa sababu ya ukwaruzo wake, unabaki na fahari ya baba bila gharama yake. Iwapo watunzi hao wawili walikubaliana hivyo au la si hoja yetu. Matini imepangwa hivyo, nasi tunasoma matini.

Udhaifu wa kweli uko kwingine. Funny How Love Is, unaofuata gwaride la Malkia, ni mwepesi mno kwa mahali ulipo, na kuwa umeunganishwa na gwaride lenyewe hakuupi uzito. Baadhi ya magazeti ya muziki ya Uingereza yaliipokea albamu kwa kejeli mwaka 1974, na msamiati wake wa majini na wafalme ulichangia. Hata hivyo, mwaka huo huo sisi tulikuwa tunapokea Kichomi ya Kezilahabi na kubishana kama mashairi yasiyo na vina ni mashairi. Wahakiki wa wakati wa kazi si mahakama ya rufaa.

Libaki neno moja kuhusu mwisho wa albamu. Seven Seas of Rhye ulikuwa umedokezwa mwaka 1973, mwishoni mwa albamu ya kwanza, kama kipande kifupi kisicho na maneno. Queen II inaukamilisha na kuufunga kwa sauti za umati ukiimba wimbo wa zamani wa Kiingereza kuhusu raha za pwani. Miezi michache baadaye Sheer Heart Attack ikafunguliwa kwa kelele za uwanja wa michezo ya ufukweni na mtu akiupiga mluzi wimbo ule ule. Albamu tatu zimeshonwa kwa uzi mmoja, na fundo liko Queen II. Anayetaka kutupinga kwa kuiteua A Night at the Opera aanzie hapo. Tunamkubalia mapema kuwa The Prophet's Song unaingia ndani ya Love of My Life kwa ufundi mkubwa. Atuonyeshe sasa ni nini kingeharibika katika albamu hiyo iwapo '39 ungehamishiwa upande wa pili wa santuri.