Bustani ya Nyumbani: Jani Moja Latosha



Jumapili moja baada ya Misa, bibi mmoja alinishika mkono mlangoni mwa kanisa akaniuliza: "Karani, Mama Maria tutamwekea maua ya plastiki mpaka lini?" Nilikosa la kusema, maana maua yale niliyanunua mimi mwenyewe. Leo namjibu bibi yule, nanyi nyote mnisikilize.

Liko ua dogo la chunguni, lenye majani manene na laini kama mahameli, na maua ya rangi ya urujuani. Wajerumani huliita urujuani wa Usambara, nao hawakukosea, kwa sababu kwao ni hapa kwetu Tanzania. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Usambara, alimpelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya jamaa hiyo. Leo huuzwa kwa mamilioni Ulaya na Marekani, na mabibi wa huko huliweka madirishani. Je, sisi wenye nalo, ni nyumba ngapi hapa Bunju zinalo?

Usiseme kwamba ni ua la milimani tu na pwani kuna joto. Jamaa zake wengine huota wenyewe juu ya mawe ya chokaa karibu na Tanga, na kule Kilifi nchini Kenya, ambako joto ni kama letu. Lakini lataka kivuli na unyevu.

Uzuri wake ni huu: huhitaji mbegu wala mche. Jani moja latosha. Mwombe jirani aliye nalo, kisha fanya hivi.

Chagua jani lenye afya, lisiwe kuukuu la chini kabisa, wala changa la katikati. Likate kwa wembe safi pamoja na kikonyo chake, ukiacha kikonyo chenye urefu wa upana wa vidole viwili. Liweke kivulini nusu saa ili kidonda kikauke.

Twaa mkebe, utoboe chini. Changanya mboji iliyooza vizuri na mchanga wa mto ulioosha, kwa vipimo sawa. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi. Lowesha udongo kidogo, chomeka kikonyo kwa kukilaza kidogo, na jani lenyewe libaki juu.

Sasa twaa chupa tupu ya maji inayoonyesha, kata kitako chake, uifunike kama kengele. Kila siku fungua kizibo muda mfupi ipate hewa. Weka mkebe barazani penye mwanga, lakini jua lisiufikie.

Hapo ndipo nilipoanguka mimi. Jani langu la kwanza nililipewa na mama mmoja mzaliwa wa Muheza. Kwa bidii yangu nililiweka dirishani penye jua, nikalimwagilia asubuhi na jioni. Juma halikuisha, likaoza. Mama yule alicheka, akasema: "Karani, huyu hakufa kwa kiu. Umemzamisha." Basi, maji utie udongo unapoanza kukauka tu. Weka mkebe katika sahani yenye maji, unywe kwa chini, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Majani usiyaloweshe.

Mizizi hutoka kwa majuma matatu au manne. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vichipukizi vidogo vimezunguka kikonyo, pengine vitatu, pengine zaidi. Vikipata majani manne kila kimoja, vitenganishe taratibu, kila kimoja mkebe wake. Kimoja weka nyumbani, kimoja mpe jirani, kimoja lete kanisani.

Ndugu zangu, liko neno moja zito zaidi. Porini ua hili linapungua, kwa kuwa misitu yake hukatwa kwa ajili ya mashamba na mbao. Kule Amani, Muheza, msitu umewekwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, lakini si kila mwamba lilipoota una mlinzi. Mtu akikuletea mche uliong'olewa msituni, usinunue hata kama bei ni ya kutupa. Aliyeng'oa amechukua mama pamoja na wanawe. Aliyekata jani katika chungu cha jirani hakumpunguzia mtu kitu, na ua limeongezeka duniani.

Wafundisheni watoto kazi hii. Mtoto aliyengoja miezi kwa ajili ya jani moja hatakata mti ovyo akiwa mkubwa.

Tena hesabuni pamoja nami. Jani likichomekwa Agosti 15, Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, hali ya hewa ikiwa bado ya ubaridi, kisha likatunzwa vema, kwa miezi tisa hivi laweza kuchanua. Ndipo mwezi wa Mei unapoingia, mwezi wa Mama Maria.

Siku hiyo, bibi yangu, njoo na mkebe wako. Maua ya plastiki nitayatoa mwenyewe.

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia, Bunju