Ufafanuzi: Taasisi za familia hutoa ruzuku vipi, na asasi ya Kasanga ianzie wapi?

Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa mama anayeanika dagaa Kasanga, hiyo ni miezi mitatu bila mzigo wa kuuza. Asasi ndogo inayotaka kumsaidia katika kipindi kama hicho inahitaji fedha zinazotoka haraka, zisizo na masharti mengi. Baadhi ya taasisi za familia hutoa fedha za aina hiyo. Shida ni kuzifikia.

Ni taasisi za aina gani?

Ni mifuko ya hisani inayoanzishwa kwa mali ya mtu au familia moja. Hapa Tanzania kuna Taasisi ya Mo Dewji, iliyoanzishwa mwaka 2014 na mfanyabiashara Mohammed Dewji. Mwaka 2016 Dewji aliahidi hadharani kutoa angalau nusu ya utajiri wake kwa jamii. Kutoka Marekani kuna Segal Family Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Barry Segal, aliyetajirika kwa biashara ya vifaa vya ujenzi. Hii inafahamika kwa kufadhili asasi zinazoongozwa na Waafrika wenyewe, na kwa kuziachia uhuru wa kupanga matumizi.

Kwa nini hatusikii matangazo yao?

Mfadhili mkubwa wa serikali ya nje hutangaza, hupokea maandiko ya miradi, kisha huyashindanisha. Taasisi nyingi za familia hazifanyi hivyo. Zina wafanyakazi wachache, na hupata asasi mpya kwa kuelekezwa na asasi ambazo tayari zinazifadhili. Kwa hiyo andiko la kurasa 40 lililotumwa bila kufahamiana linaweza lisisomwe kabisa.

Utaratibu huu huokoa muda, lakini una upendeleo ndani yake. Asasi ya Arusha au Dar es Salaam hukutana na maofisa hao kwenye semina. Ya Kasanga iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Sumbawanga mjini, na nauli ya semina inatoka mfukoni mwa viongozi wake.

Asasi ianzie wapi?

Kwanza, karatasi. Kikundi cha kukopeshana si shirika lisilo la kiserikali, hata kama kimesajiliwa halmashauri. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya wilaya, Matai, ndiyo pa kuanzia kuulizia usajili. Shirika lililosajiliwa linatakiwa kuwasilisha taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na hizo ndizo mfadhili ataziomba.

Pili, chunguza kabla ya kuomba. Sheria ya Marekani inazitaka taasisi binafsi za hisani zitoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya uwekezaji wao, na zijaze fomu ya kodi iliyo wazi kwa umma. Fomu hiyo inaonyesha nani alipewa na kiasi gani, na inapatikana bure kwenye intaneti. Ukiona hutoa dola 10,000, usiombe 200,000.

Tatu, tafuta asasi inayofadhiliwa tayari, hata ya mkoa mwingine, na ufanye nayo kazi. Ikiridhika na kazi yako, itakutambulisha. Sheria hiyohiyo ya Marekani huilazimu taasisi kufanya uhakiki wa ziada inapofadhili asasi ya nje moja kwa moja, ndiyo maana baadhi hupitishia fedha kwa shirika mshirika.

Nne, barua ya kwanza iwe ya kurasa mbili: mnafanya nini, mmefanikisha nini, kwa shilingi ngapi.

Tahadhari mbili

Ruzuku ikizidi shilingi milioni 20, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba uwasilishwe kwa Msajili ndani ya siku 10. Na yeyote anayedai ada ili akupatie ruzuku, mkimbie. Mfadhili wa kweli haombi ada.

Hata hivyo, mzigo usibebeshwe asasi za vijijini peke yake. Taasisi inayosema inaamini uongozi wa wenyeji, lakini inasubiri wenyeji hao wajulikane mjini kwanza, itaendelea kufadhili walewale. Barabara ya Kasanga siku hizi ni ya lami, nao waje.