Anayesomea Masoko Aanze na Daftari la Madeni

Wazazi wenzangu wa Pwani, wengi tunawalipia watoto karo ya shahada ya masoko na usimamizi wa maduka. Ni jambo jema. Lakini tutazame Nakuru. Naivas, ambayo jina lake limetokana na Naivasha, ilianza huko mwaka 1990. Nakumatt na Tuskys nazo zilichipuka kaunti hiyo hiyo. Leo Naivas imesimama. Nakumatt, wadai wake waliamua ifungwe 2020, na Tuskys ikaporomoka nyuma yake. Hazikukosa wateja wala matangazo. Zilishindwa kuwalipa waliowaletea bidhaa, rafu zikabaki tupu. Rai yangu: kijana asome masoko, lakini likizo akae dukani na daftari la madeni. Dawa ya deni ni kulipa.