Theluji na Korosho

Mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa Newala, ameniaga juzi, korosho zikiwa bado zinaokotwa. Anakwenda kutandika vitanda katika hoteli ya kijiji cha milima ya Alpi, kwa msimu mmoja wa theluji. Baridi aijuayo ni ya ukungu wa Shimo la Mungu. Simlaumu. Nawalaumu wanaoshangilia, hasa sisi wenye ofisi, tunaoiita safari hii "fursa".

Babu zetu walikwenda kwa mkataba kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Sijasikia babu aliyeiita ile fursa.

Viwanda vya kubangua korosho vilijengwa kwa mikopo miaka ya 1970, Newala na Masasi vikiwemo. Vingi vilifungwa, vikabinafsishwa, vingine vikawa maghala. Mwaka 2018 Serikali ililituma jeshi kusomba korosho, kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kusomba tuliweza, kubangua kukatushinda. Sehemu kubwa bado tunaiuza ghafi, India na Vietnam.

Huenda kijana huyu akawaandalia wageni kibakuli cha korosho za shamba la baba yake, zilizobanguliwa Vietnam. Ndugu zangu wa wizarani na halmashauri, akituandikia bei ya kibakuli kile, nani kati yetu atamjibu?