Tupimwe Kinachofaa



Yapo matawi yanayodai wanachama wapimwe afya kila mwaka kwa gharama ya mwajiri. Dai hilo ni la haki, lakini halitoshi mpaka tuseme tupimwe nini, saa ngapi, na majibu ashike nani.

Hapa Nsambya hospitali si jambo geni; ile ya Mtakatifu Fransisko ilianzishwa na Mama Kevin mwaka 1903. Lakini mwenzetu wa kiwandani, au wa mashamba ya miwa ya Lugazi, akionyeshwa orodha ndefu ya vipimo mjini, hudhani urefu wa orodha ndio ubora wake. Sivyo. Kujua kama mwili unatumia vizuri sukari na mafuta, anza na utepe wa fundi cherehani: kiuno kisizidi nusu ya kimo chako. Pili, presha. Tatu, sukari ya damu kabla ya kufungua kinywa. Kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 ni onyo, 7.0 na kuendelea ni kisukari, na asiye na dalili hurudiwa siku nyingine kuhakikisha. Fedha zikiwepo, ongeza mafuta ya damu na figo. Wembamba nao si kinga: wako wembamba wengi wenye kisukari.

Tuwe macho na kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kikitumiwa peke yake. Husoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu. Chembe zikifa mapema, namba hushuka ingawa sukari ni nyingi. Uchunguzi wa Uganda nzima wa 2014 na 2015 ulikuta watoto wadogo wapatao 13 katika kila 100 wamerithi selimundu kwa mzazi mmoja. Kwa watu kama hao, na kwa waliopungukiwa damu kwa malaria, namba yaweza kudanganya. Mgonjwa huambiwa yu mzima.

Tena, kupanga watu getini saa nne, wameshakunywa chai ya sukari, kisha kuandika kwamba hawajala, ni kumwaga damu bure. Kipimo hicho chataka saa nane bila chakula.

Basi matawi yadai haya katika mkataba wa pamoja: asubuhi moja ya kupimwa yenye malipo kamili, na wa zamu ya usiku apangiwe siku yake, daktari achague vipimo, si muuzaji, majibu apewe mfanyakazi mwenyewe, yasiende mezani kwa meneja. Mwenye kisukari anayetibiwa anaweza kazi, na asifukuzwe kwa karatasi ya maabara. Mtu akiogopa kupoteza kazi hatapimwa, na ugonjwa utamkuta machoni na miguuni.

Umoja ni nguvu!