Goti la winga wa Goweko: Kisu au mazoezi?

WINGA anaikokota pembeni, beki yuko naye bega kwa bega. Anakanyaga ili akate ndani. Hajaguswa na mtu. Unasikika mlio, "tap", kijana yuko chini. Jioni goti limejaa kama papai. Kesho yake kijiweni hukumu imeshatoka: "Huyo ndo basi tena, labda wampeleke Muhimbili akapigwe kisu."

Uwe Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi pale Tabora mjini au uwanja wa vumbi huku Goweko, hukumu ni hiyo hiyo. Mimi naona kijiwe kinakosea nusu.

Kilichokatika mara nyingi ni ACL, ligamenti iliyopita katikati ya goti kuunganisha mfupa wa paja na ule wa ugoko. Kazi yake ni kuzuia ugoko usichomoke mbele na goti lisijipinde mtu anapogeuka ghafla. Ukitembea moja kwa moja huihitaji sana. Wapagazi wa Kinyamwezi walioishika njia ya Unyanyembe hadi Bagamoyo na mizigo ya kilo thelathini begani walikuwa wanakwenda mbele tu, hawakuwa na beki wa kumpiga chenga. Ndiyo maana utamkuta mtu ACL yake imekatika miaka mingi, analima tumbaku na kuendesha baiskeli vizuri tu. Mpira ni kukata kona, na hapo ndipo goti linapomsaliti.

Sasa tuje kwenye kisu. Sweden walichukua vijana 121 wenye ACL iliyokatika, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi ya tiba. Jingine lilianza na mazoezi tu, upasuaji ukaachwa kwa atakayeuhitaji baadaye. Matokeo yalitoka 2010: baada ya miaka miwili, maumivu na uwezo wa goti havikutofautiana. Kati ya 59 walioanza na mazoezi, 23 walikuwa wameshaomba kisu. Ilipofika miaka mitano wakawa 30. Yaani karibu nusu hawakupasuliwa kabisa.

Lakini usikimbilie kushangilia. Wachezaji wa kulipwa hawakuwemo kwenye utafiti ule. Na Uingereza mwaka 2022 walipoangalia watu 316 ambao magoti yalikuwa yanawasumbua kwa muda, waliopangiwa upasuaji walikuwa afadhali baada ya miezi 18. Goti linalokuachia kila ukigeuka, mazoezi pekee yana mwisho.

Ndiyo maana Virgil van Dijk, alipoumia dhidi ya Everton Oktoba 2020, hakusubiri. Alipasuliwa, akarudi uwanjani Julai 2021. Miezi tisa hiyo, kwa Liverpool yenye madaktari wa kumwaga. Zlatan Ibrahimović yeye alisema alicheza miezi sita ya mwisho ya msimu wa 2021/22 bila ACL, Milan ikabeba ubingwa. Watu wanaipenda hadithi hiyo, wanasahau sehemu ya pili: sindano zaidi ya 20, goti kunyonywa maji kila wiki, na msimu ulipoisha akaenda kupasuliwa mwenyewe.

Winga wetu wa Goweko hana klabu ya kumlipia. Upasuaji wa matundu madogo unafanyika MOI, Dar es Salaam, na kufika huko ni safari ya treni, nauli na mtu wa kumsindikiza. Kwa hiyo kinachotokea ni njia ya tatu, ambayo hakuna daktari aliyeipendekeza: anakandwa maji ya moto, anapumzika mwezi, uvimbe ukiisha anavaa soksi na kuingia. Hiyo ndiyo inayomaliza vijana. Kila goti linapochomoka linaweza kuchana gegedu lililo kati ya mifupa, na gegedu likiisha hata kutembea moja kwa moja kunakuwa shida.

Aanze Kitete, wahakikishe hakuna mfupa uliovunjika. Goti likikwama halinyooki, hilo ni la mpasuaji haraka. Lisipokwama, aanze mazoezi: kulinyoosha kabisa, kukaza misuli ya mbele na nyuma ya paja, kuchuchumaa taratibu, baadaye mguu mmoja. Si wiki mbili, ni miezi. Hata akija kupasuliwa hayajapotea bure, maana goti lenye misuli linapona vizuri zaidi, na baada ya kisu mazoezi hayo hayo yanamsubiri. Aliyepasuliwa akaacha mazoezi amelipia kovu tu.

Na kocha, wewe unayemwita kwa sababu Jumapili una mechi: mwambie aruke kwa mguu mzima, pima hatua. Kisha kwa mguu ulioumia. Usipofika angalau tisa ya kumi ya ule mwingine, anakaa benchi, hata kama mechi ni fainali ya kata. Na aliyepasuliwa, kabla ya miezi tisa, usimpime kabisa.